Senti Kumi na Moja za Mstari wa Thelathini

Hakuna jambo duniani linaloweza kunishangaza. Nasema hivyo kama mtu aliyeacha shule darasa la tano na leo ana nyumba ya wageni Kabeza, karibu kabisa na barabara ya uwanja wa ndege, yenye bustani, baa na jiko la burusheti, yaani mishikaki. Nimeitwa utingo, nimeitwa mpakizi wa stendi ya Nyabugogo, nimeitwa mzee wa mabati, na sasa naitwa Bosi na watu wenye digrii mbili mbili. Kiswahili nilijifunza juu ya lori, kati ya Kigali na Dar es Salaam, kwa hiyo ukikuta sentensi inayoyumba, ujue barabara ilikuwa mbovu pale.

Kijana aliyetaka kumuoa binti yangu alipokuja kunisalimu mara ya kwanza, sikutarajia aniletee jipya. Ni mwalimu wa jiografia. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikamuuliza swali ninalowauliza wasomi wote, kwa kuwa najua litawakwama kooni: kwa nini nikivuka mpaka kuingia Uganda au Tanzania lazima nisogeze saa yangu mbele, na jua ni lilelile?

Hakukwama. Alichukua kiazi cha kuchoma kwenye sahani yangu, akakitoboa katikati kwa kijiti cha burusheti, akakishika wima.

"Hii ndiyo dunia, mzee. Inazunguka kwenye kijiti hiki."

Kisha akachukua kisu, akachora mistari kwenye kiazi changu, kila mmoja kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini. Akasema hiyo ndiyo longitudo. Ukitaka kusema mahali pako mashariki au magharibi lazima uanzie kuhesabu mahali fulani, basi wakachagua mstari mmoja ukawa sifuri, ule unaopita Griniwichi, London. Ukiufuata kuja Afrika unakupitisha Ghana, mji wa Tema.

"Nani aliuchagua upite kwao?" nikauliza.

"Waliokuwa na meli nyingi, mzee."

"Nilijua tu."

Akaendelea. Dunia inajizungusha digrii kumi na tano kila saa. Aliye mashariki ya sifuri analiona jua mapema, aliye magharibi analisubiri. "Sasa sisi hapa tuko karibu na digrii thelathini mashariki. Thelathini ukigawa kwa kumi na tano..."

"Mbili!" nikasema kabla hajafunga mdomo, maana kugawa hakujawahi kunishinda tangu siku za kugawana mizigo.

"Ndiyo hiyo, mzee. Saa yetu iko mbele ya Griniwichi kwa saa mbili. Kampala na Dar es Salaam wameamua tatu."

Hapo nikakumbuka utoto wangu. Nilikulia Uganda, upande wa Mbarara, nikichunga ng'ombe wa watu. Kule kivuli changu kilikuwa kinaingia chini ya miguu saa saba, wala si saa sita, nami nilidhani jua la ugenini ni vivu kama mwenye ng'ombe. Tuliporudi Rwanda nikaona kivuli kinaingia chini ya viatu saa sita kamili. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu hiyo ni baraka ya nyumbani. Kumbe baraka ina namba, na namba yenyewe ni thelathini.

Nikamwambia anionyeshe. Akafungua simu, ikaandika mahali tulipokaa: 30.11, mashariki.

Mimi nikaona thelathini. Vile vitarakimu vya nyuma ya nukta niliviacha palepale, kama mfanyabiashara yeyote wa mji huu anavyoviacha. Nani amewahi kushika senti Kigali? Ukimwambia mteja wa mabati ni elfu thelathini na senti kumi na moja, atalipa elfu thelathini na wote wawili mtashukuru Mungu. Kwa hiyo mstari wa thelathini, mstari unaoipa Rwanda saa yake, ulikuwa unapita bustanini kwangu. Kijana alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno. Nikamwagizia Fanta.

Sikulala vizuri wiki ile, na si kwa wasiwasi. Ni kwa mipango. Kule Uganda, kwenye barabara ya Masaka, kuna mahali ikweta inavuka lami. Wameweka duara kubwa jeupe, na watu kutoka Ulaya nzima wanashuka kwenye magari kuingiza vichwa humo na kupigwa picha. Ikweta imelisha watu ambao hata hawakuichora. Nami nina mstari wangu, tena uliosimama wima, unatoka kaskazini mwa dunia, unapita Misri, unapita jikoni kwangu, unateremka hadi Afrika Kusini, na Kigali nzima hakuna anayeuuza!

Nilimleta fundi wa kuchomelea akatengeneza upinde wa chuma wenye maandishi MSTARI WA 30. Nikamleta mpaka rangi. Nilitaka mstari wa njano, wenye upana wa kiganja, kutoka getini hadi mlango wa jiko.

"Bosi, hii mustari inaenda wapi?" akauliza, brashi mkononi.

"Kule inaenda Misri."

"Na huku?"

"Afrika Kusini."

Akauangalia mkebe wake wa rangi. "Mimi nafika jikoni tu, Bosi."

Nawaambia, watu walikuja. Jumapili baada ya misa ungewakuta wamepanga foleni wasimame mguu mmoja mashariki, mguu mmoja magharibi. Mama mmoja aliapa mguu wake wa mashariki ulikuwa na joto zaidi. Daktari mmoja, si wa hospitali, ni wa vitabu, alikunywa bia mbili akatueleza kwamba kwenye mstari kama huu damu hutulia, na akasema ameyasoma hayo Ubelgiji. Ofisa mmoja aliniomba apigwe picha anakata utepe, wakati utepe wenyewe haukuwepo. Tukamfungia karatasi ya chooni, akaikata kwa heshima zote. Na hii ndiyo ninayowakumbusha wanaonicheka leo: kila simu iliyoinuliwa kuupiga picha ule mstari ilikuwa inajua ukweli. Hakuna msomi hata mmoja aliyeiuliza simu yake.

Isipokuwa binti yangu.

Alinifuata jikoni siku moja, akasimama karibu na makaa. Huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza, amesoma mpaka akamaliza, ana ofisi yenye kiti cha kuzunguka.

"Baba, ule mstari..."

"Unapendeza, siyo?"

Akavuta pumzi. Anajua mahali mlango wangu unapofungwa. "Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya gusaba, acha msemaji wetu aseme. Wewe ukae. Usiseme neno kuhusu mstari."

Kwa asiyejua, gusaba ndiyo siku ambayo familia ya kijana inakuja kumuomba msichana. Familia mbili zinakaa zikitazamana, katikati kuna uwanja mtupu, na kila upande una msemaji wake. Wasemaji hao wanachokozana kwa maneno, wanategana, wanatozana faini za vinywaji, watu wanacheka mpaka machozi. Lakini chini ya kicheko kuna sheria: neno lililosemwa uwanjani mbele ya wazee halirudishwi mfukoni. Na baba wa msichana ana kazi moja tu, kukaa kimya kama mlima.

"Kwa nini nisiseme kwangu mwenyewe?"

"Kwa sababu wale watu wananipima," akasema. Familia ya kijana ni ya Kiyovu, nyumba za zamani zenye miti mikubwa, sebuleni kuna piano ambayo hakuna anayeipiga. Mama wa kijana anakula burusheti kwa uma. "Kila nikienda kwao wanangoja niteleze. Nikiteleza kwa mguu wangu, sawa. Nisiteleze kwa mguu wako, baba."

Nikamuahidi. Na nilikuwa na nia.

Siku ilipofika, nilihakikisha mahema mawili yamewekwa bustanini, moja kila upande wa mstari. Sisi wenye nyumba tulikaa mashariki. Viti vya wageni vilikuwa magharibi. Nani angekaa na mstari kama ule asiutumie? Kimya nilikuwa nimeahidi, lakini rangi ya njano sikuahidi kuifunika. Binti yangu alikuwa ndani na shangazi zake na wasindikizaji, wamevaa mishanana, nguo zetu za sherehe, wanasubiri, maana msichana hatoki mpaka maombi yakubaliwe.

Wageni walichelewa nusu saa. Msemaji wetu, ambaye ni kaka yangu mkubwa, akafurahi, kwa kuwa kuchelewa ndiyo faini ya kwanza. Akasimama na fimbo yake.

"Wageni wetu, karibuni. Tulidhani mmebadilisha mawazo. Chai yetu imepoa, ng'ombe wetu wamelala. Mtatufidia nini?"

Msemaji wao akainuka taratibu. Alikuwa mtu mzima mwembamba, mwenye kofia, aliyelelewa Bujumbura, mwenye sauti ya kumfanya mtu atafute kiti. Akasema tumsamehe, magari Kigali siku hizi yamekuwa mengi kuliko watu.

Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kama ningeuma ulimi wangu pale, leo ningekuwa na ng'ombe wangu na pesa zangu na heshima ya kawaida. Lakini jibu lilikuwa limeshanijia, jibu zuri, jibu ambalo hakuna mwingine katika hema lile angeweza kulitoa. Jibu la namna hiyo ni kama chafya.

Nikasimama.

"Wasitozwe faini!" nikasema. "Hamjaona walipokaa? Wako magharibi ya mstari wa thelathini. Jua linawafikia baadaye, na saa yao iko nyuma. Hawajachelewa. Ndiyo wakati wao!"

Kicheko kilichotoka sijawahi kukisikia hata kwenye harusi ya tajiri. Hata yule mama wa uma alicheka. Nikaketi, na nikiketi nikaona mkwe wangu mtarajiwa, kule magharibi, amejifunika uso kwa viganja.

Msemaji wao hakucheka. Alisubiri mpaka kukawa kimya, kisha akavua kofia.

"Baba wa msichana amesema," akaanza. "Sisi tunaheshimu neno la baba. Ila mimi, wapendwa, nimezaliwa Bujumbura. Bujumbura iko kwenye digrii ishirini na tisa na kitu. Hiyo ndiyo magharibi ya mstari wa thelathini, na nimetumia maisha yangu kutoka huko kuja mashariki. Najua nilipoupita. Niliupita kwenye mto Nyabarongo, kwenye barabara ya Kusini, kabla sijaiona Kigali. Sasa leo nimeupita tena wapi?" Akatoa simu mfukoni, akaiinua. "Hii inasema thelathini nukta kumi na moja. Hizi kumi na moja ni kama kilomita kumi na mbili. Baba wa msichana ameweka kiti changu mashariki, ameweka na chake mashariki, akachora njano katikati."

Ndipo kila mtu akatoa simu yake. Sasa ndiyo wakaziuliza! Daktari wa Ubelgiji alikuwa mstari wa mbele, anatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Sina neno na rangi," msemaji akaendelea. "Lakini najiuliza. Nyumba ambayo mstari wake una kilomita kumi na mbili za makosa, msichana wake je? Tutakayemchukua ndiye tuliyemuona, au naye yuko Nyabarongo?"

Ilikuwa mzaha. Gusaba ni mzaha. Lakini upande wa Kiyovu walicheka kwa namna nyingine, kwa pua, na mama wa uma akamwinamia jirani yake, akanong'ona. Nilijua anachonong'ona. Nimekuwa nikinong'onwa tangu Nyabugogo.

"Kwa hiyo," akamalizia, "tumealikwa kuomba msichana kwenye mstari wa thelathini. Ndivyo kadi ya mwaliko ilivyoandikwa." Na kweli, kadi niliiandika mimi. "Ama baba wa msichana atatupeleka mstarini, ama asimame aseme alikosea, tumsamehe, tuendelee. Pasipo moja ya hayo hatuna la kuomba hapa."

Kaka yangu akanigeukia na macho ya kusihi. "Sema tu umekosea," akanong'ona. "Ni neno moja. Watapiga makofi."

Kabla sijajibu, dada yangu akatoka ndani mbio, ameshika mshanana usikanyagwe. Akainama sikioni kwangu.

"Binti yako amesikia yote. Anasema: mwambie baba achague, radhi au mstari, lakini achague sasa. Amesema ukikaa hivyohivyo umejifanya hukusikia, yeye hatoki leo, na kesho hatoki."

"Analia?"

"Halii. Ndiyo maana nimekimbia."

Nilitazama ule mstari wa njano. Nilitazama upinde wa chuma. Sijawahi kumuomba radhi mtu mwenye piano, na nilihisi ulimi wangu haujui hata njia ya kuanzia. Nikasimama.

"Jamani," nikasema, "leteni magari. Mtu wa Kabeza akiwaahidi mstari, mstari mtaupata!"

Nilikodi kosta tatu palepale barabarani, kwa bei ya mtu anayeonekana ana haraka. Tukapanda wote: wazee na fimbo zao, wasichana na mishanana yao, binti yangu kati yao, vijana na kreti za vinywaji, na mama wa uma aliyebanwa kati ya wajomba zangu wawili wauza vyuma. Tukavuka mji mzima. Nyabugogo tulikwama, na wapakizi wakatuzunguka wakiuliza bibi harusi anauzwa wapi. Mmoja alinitambua.

"Eeh, mzee wa mabati! Unahama?"

"Napeleka watu mstarini!"

"Mstari wa nini, tena?"

"Wewe beba mizigo!"

Mkwe wangu alikaa mbele karibu nami, simu mapajani, anazisoma zile senti kwa sauti kadiri tulivyokwenda. Nukta sifuri sita. Nukta sifuri nne. Tulipoanza kuteremkia Nyabarongo, nukta sifuri moja.

"Siku ile," nikamwambia, "kwa nini hukunisahihisha?"

"Nilisema tuko karibu na thelathini, baba. Nilisema karibu."

"Ulisema kwa sauti ndogo."

"Mkwe hamsahihishi baba mkwe kabla hajapewa mke."

"Na sasa?"

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu nimjue. "Bado sijapewa."

Simu ilisoma thelathini na sifuri tupu kwenye shamba la maharage kando ya barabara, ambalo mwenyewe, mama mmoja mwenye jembe, alikuwa bado analipalilia. Akanyoosha mgongo, akatutazama tukishuka kwenye kosta tatu na fimbo na mishanana.

"Mnatafuta nini?"

"Mstari, mama," nikamwambia. "Unapita hapa shambani kwako. Unatoka Misri."

"Nalima hapa tangu niolewe," akasema. "Sijaukwaa. Lakini maharage mmeshayakanyaga, na hayo mtalipa."

Basi tuliomba na kuombwa pale, wao magharibi ya tuta, sisi mashariki, maharage katikati. Msemaji wao alivaa kofia yake, akainama mbele yangu mpaka chini, akasema hajawahi kuona baba anayebeba ukoo mzima kuvuka mji kwa ajili ya neno lake. Makofi yakapigwa. Ng'ombe wakatajwa. Binti yangu akashuka kwenye kosta, akapita kwenye tuta bila kuteleza, ingawa udongo ulikuwa na maji, na alipofika kwangu akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Ungesema tu radhi, baba." Mama wa uma alikuwa amevua viatu, anakula muhogo wa yule mwenye shamba kwa mkono.

Mstari wa Kabeza sijaufuta. Nimebadilisha upinde tu, sasa umeandikwa MSTARI WA 30.11, na huo upo pale kwa haki zake zote, kila simu inauthibitisha, na bado Kigali nzima hakuna mwingine anayeuuza. Radhi ingekuwa bure. Hilo nakubali, na wote wananikumbusha. Mimi nilichagua mstari. Kosta tatu kwenda na kurudi, maharage, vinywaji vya mara ya pili, ng'ombe mmoja niliyemrudishia msemaji wao kwa kunisifu vizuri, na herufi mpya za chuma. Senti nimeziangalia mara mbili safari hii, hazikuwepo: jumla faranga milioni moja, laki mbili, elfu themanini na saba na mia tano.